Mwenye Shamba Haulizi Daraja

"Mwenye shamba haulizi daraja." Ndivyo alivyowaambia mama yenu asubuhi hii, mlipokuwa mmesimama barazani mnanyoosha shingo kutazama kama gari la mikate limepanda mlima. Akawawekea viazi vitamu na maziwa, akacheka, akaenda zake kupalilia. Mmekula, mmeshiba, na sasa mmenijia huku jikoni na swali: daraja na viazi vina uhusiano gani?

Swali zuri. Nasra, sogeza ungo huo wa maharage tuchambue pamoja. Mtangi, chochea moto, chungu kisilale. Maneno haya siku hizi husemwa hata mbali, na wengi wanaoyasema hawajui yalikozaliwa. Mimi najua, kwa sababu yalizaliwa katika ua huu huu, mchana wa siku niliyoolewa mimi. Methali hii ilianza hivi.

Baba yangu aliitwa Shechambo na mama yangu aliitwa Mwajabu. Shamba lao ndilo hili mnaloliona, ambalo baadaye walituachia mimi na babu yenu. Halikuwa kubwa wakati ule na wala halijaongezeka leo: mtu akisimama juu kwenye migomba akapiga mluzi, aliye chini kwenye miwa anausikia. Lakini lilikuwa limejaa. Ndizi za kila namna, na chini ya migomba iliki ikifurahia kivuli. Pilipili manga ikiparamia miti. Kahawa kidogo. Magimbi kwenye unyevu, mihogo, mahindi na maharage kwenye mteremko, miwa kando ya mfereji. Ng'ombe mmoja wa maziwa, mbuzi, kuku wanaojiendea, na mizinga ya nyuki ya baba kwenye ukingo wa msitu. Dukani tulinunua chumvi, kiberiti na nguo. Vingine vyote vilitoka hapa, vikapita mikononi mwa mama, vikaingia matumboni mwetu.

Sasa ajabu ya baba ilikuwa hii. Hakuna mtu aliyelipenda shamba kama yeye. Alilizunguka kila alfajiri kama mtu anayekagua watoto waliolala. Lakini mgeni akibisha hodi, baba aliingiwa na haya. Alimtuma mtu mbio dukani akanunue mkate na sukari, na huku asali imejaa kibuyu ndani. Alikuwa akisema, "Cha shamba ni chetu sisi. Cha mgeni hununuliwa." Nadhani jambo hilo lilimwuma tangu utotoni, maana wenzake waliokuwa na jamaa mjini waliwaita yeye na ndugu zake "watafuna mihogo". Jina likikuingia ungali mdogo, halitoki kwa kuoga.

Basi alipokuja kuniposa babu yenu, Hoza, kutoka Kwemtindi kule juu ya mlima, na mahari ikapokewa na siku ikawekwa, baba alisema jambo moja tu: "Pilau."

Mama akamwambia, "Pilau ya nini, Shechambo? Mchele hatulimi. Tuna ndizi mpaka zinaanguka zenyewe."

"Ndizi!" baba akaruka. "Mwajabu, unataka wakwe waende wakaseme Shechambo kamwoza binti yake kwa ndizi?"

"Afadhali wewe. Ndizi zinaoza mgombani, na wewe unamwoza binti yako kwa mchele wa watu."

Sisi tuliokuwa chumbani tulijiziba vinywa na kanga tusicheke. Lakini baba hakucheka. Aliuza iliki yake karibu yote, akashuka mjini, akaagiza magunia ya mchele, mafuta, sukari, soda, na mpishi wa kupika vyote hivyo. Hata masufuria makubwa na sahani alikodi. Vyote vingepakiwa kwenye lori moja na kupanda asubuhi ya harusi, vikiwa vibichi, vikipigiwa honi njia nzima ili kila mtu ajue. Hilo la honi alilisema mwenyewe.

Siku hiyo haikuwa ya kuahirishwa. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umebakia ncha, na Ramadhani ikiingia hakuna wa kuoa wala wa kuolewa mpaka Idi ipite. Tena harusi iliyosogezwa huota midomo. Mmoja atasema bwana harusi amesita, mwingine atasema bibi harusi ana neno. Mimi nilimtaka Hoza, na nilimtaka siku ile.

Usiku wa kuamkia harusi mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya manyunyu. Ilipiga bati kama inatafuta mtu. Kulipopambazuka ilikuwa imekatika, jua likatoka safi, ukungu ukapanda bondeni, na sote tukasema alhamdulillahi, siku imekuwa njema.

Ndipo tukamwona baba mdogo Titu anapanda kilima mbio, suruali imejaa tope hadi mapajani.

"Kaka! Kaka! Daraja limekwenda!"

"Limekwenda wapi?" baba akauliza, bado ana mswaki mdomoni.

"Limekwenda na mto!"

Baba akautupa mswaki. Alikuwa amekwisha vaa kanzu yake mpya ya harusi, akaikunja mpaka magotini, akashuka kilima nayo hivyo hivyo. Wanaume wote waliokuwapo wakamfuata. Daraja letu wakati ule lilikuwa la magogo na mbao, na kulikuwa na hilo moja tu la kutoka mjini. Yaliyotokea huko mtoni mimi sikuyaona, lakini baba mdogo alitusimulia kila mwaka mpaka alipofariki, na kila mwaka mto ulizidi kuwa mpana.

Walifika wakakuta maji mekundu yanapita yakinguruma, yamebeba migomba mizima. Ng'ambo ya pili, lori limesimama. Juu ya magunia amesimama mpishi wa mjini na mwiko mrefu kama kasia. Dereva ameketi ngazini ameshika tama.

Baba akapaza sauti, "Vukeni!"

Dereva akajibu, "Tuvukie nini, mzee? Tuvukie dua?"

Mtu mmoja akapata wazo la kamba. Dereva akafunga jiwe kwenye kamba ya lori akalirusha, likaanguka majini. Akarusha tena, na mara hii baba mdogo akalidaka, watu wakashangilia kama wamefunga bao. Wakafunga gunia moja la mchele kule, wakaanza kuvuta huku. "Haya! Vuta! Haya! Vuta!" Gunia likaja likizama na kuibuka, limefika kati, na baba ameingia majini hadi kiunoni kulipokea. Mara gogo likaja kutoka juu kama lililotumwa. Likalipiga lile gunia ubavuni, gunia likapasuka, na mchele wote ukamwagika mtoni. Baba mdogo alisema ulienea mweupe juu ya maji mekundu, ukaenda zake Pangani bila kuaga. Baba akataka kuufuata. Ndugu yake akamshika kanzu, kanzu ikachanika mgongoni kutoka shingoni mpaka chini.

Na mpishi kule ng'ambo bado anapiga kelele: "Msianze kupika bila mimi! Msianze!"

Sasa turudi huku nyumbani. Mimi nilikuwa chumbani, nimepakwa hina, nimefunikwa kanga, na kungwi wangu Bi Kibibi amekaa mlangoni kama kufuli. Bibi harusi hatoki, bibi harusi hashiki kitu, bibi harusi hacheki meno yakaonekana. Lakini dirisha lilikuwa wazi kidogo, nikasikia yote. Nikasikia wanawake wamejazana uani wanashika vichwa. "Masikini Shechambo! Wakwe wanafika adhuhuri! Hata masufuria yako ng'ambo!"

Kisha nikasikia sauti ya mama. Mama hakuwa amekwenda mtoni. Alikuwa amesimama pale mnapoona kinu leo, ametazama jua, ametazama mafiga. Akajifunga kanga kibwebwe, akaikaza.

"Nani ana panga kali?" akauliza.

Jirani mmoja akamwambia, akimwita kwa jina langu mimi, "Mama Mwantumu, ngoja kwanza tusikie habari za daraja."

"Ninyi ngojeni," mama akasema. "Mimi napika."

Akachukua panga akaingia migombani. Tukasikia mkungu wa kwanza ukianguka, puu! Wa pili, puu! Wale wanawake wakatazamana. Halafu, kama kuku waliotupiwa mtama, wakatawanyika. Huyu kwake kuleta chungu, huyu kwake kuleta kinu, huyu kuni, huyu nyungo. Kufumba na kufumbua ua huu ulikuwa na mafiga kila mahali, moshi unapanda, mbuzi wanachinjwa kule nyuma, kuku wanakimbizwa na watu wazima, michi inatwanga kwa zamu, du-du, du-du, du-du, mpaka ukuta wa chumba changu ukawa unatetemeka.

Wajukuu zangu, mnanijua. Ningekaaje?

"Bi Kibibi," nikasema, "nataka kutoka."

"Utoke uende wapi, wewe? Una hina!"

"Hina imekauka. Ndizi zitamenywa na nani?"

"Watakucheka! Bibi harusi anamenya ndizi siku ya harusi yake?"

"Wakikosa kula ndipo watakaponicheka." Nikajitupia kanga kuukuu, nikapita chini ya mkono wake, nikatoka. Wanawake waliponiona wakapiga vigelegele mpaka kuku waliosalia wakaruka juu ya paa. Nikachuchumaa, nikashika kisu, nikaanza kumenya. Utomvu wa ndizi ukaniganda juu ya hina, mikono ikawa myeusi. Nilipoinua macho nikamwona Bi Kibibi naye amejifunga kibwebwe, ameketi karibu yangu na gimbi mkononi, ananung'unika, "Mimi kungwi wa watu! Mimi kungwi wa watu!" na huku anamenya kuliko sisi sote.

Katikati ya shangwe hiyo ndipo baba akarudi. Amelowa, kanzu imechanika, mikono mitupu.  Alitazama vyungu, akatazama mikungu ya ndizi, akanitazama mimi na utomvu wangu. Akaketi kizingitini kama mtu aliyerudi kuzika.

"Mwajabu," akasema kwa sauti ndogo, "unafanya nini? Unataka tuaibike zaidi? Watu wanatoka Kwemtindi, wanatazamia pilau, wewe unawapikia hivi?"

Mama alikuwa anakaanga vitunguu katika samli aliyoisukasuka mwenyewe. Hakuacha kukoroga.

"Shechambo, mtoto huyu wanayekuja kumchukua, wamemwona akoje?"

"Akoje vipi?"

"Mgonjwa? Mnyonge? Amekonda?"

"Hapana."

"Mchele amekula lini, isipokuwa siku za Idi? Mwili wote ule ni magimbi yako. Meno yale ni mihogo yako na maziwa ya ng'ombe wako. Wamepanda na kushuka milima kumposa binti aliyelelewa kwa chakula hiki. Leo ndio wakionee haya?"

  Moshi ukampitia baba usoni, akapangusa macho, na sijui kama ulikuwa moshi tu. Kisha akasimama, akaivua ile kanzu iliyochanika, akavaa shati lake la shambani, akachukua panga akashuka kwenye miwa. Baada ya kitambo tukamwona anapanda na mzigo wa miwa begani, akautupa. Akaenda tena msituni, akarudi na masega ya asali, uso umevimba kidogo upande mmoja.  Lakini kila mtu aliyetokea njia ya mtoni, baba alimsimamisha: "Daraja vipi?" Anatwanga miwa, anaacha mchi: "Titu, hebu katazame daraja." Anakamua ndimu: "Hao wanaopiga kelele, ni daraja?" Mama alimsikia mara zote, akawa anatikisa kichwa tu na kukoroga.

Sasa sikilizeni chungu kikubwa kilipikwaje. Mama aliwakatakata mbuzi vipande vidogo, akawakaanga katika samli na vitunguu. Akatia tangawizi. Kisha akaenda ndani, akarudi na kifundo cha kanga. Ilikuwa iliki! Baba alipouza ya mwaka, mama aliificha hiyo kidogo. Ikatwangwa pamoja na mdalasini na pilipili manga zetu, ikatiwa. Halafu ndizi mbichi, zimekatwa ndogo ndogo, zikaingia na mchuzi, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na makaa yakawekwa juu. Wanangu, harufu ile! Ilitoka uani, ikapanda njia ya mlimani kwenda kuwapokea wageni. Mwanamke mmoja akasema, "Mbona inanukia pilau?" Mama akacheka sana. "Na pilau ya mjini unadhani inanukia nini? Inanukia shamba hili. Viungo vyote vinatoka huku kwetu kwenda kuwanukia wao."

Ndipo ngoma zikasikika. Bi Kibibi akanidaka mkono akanirudisha chumbani mbio, akanivika, akanifunika, akaninyunyizia marashi juu ya moshi. Nikachungulia dirishani. Wakwe wanateremka mlima kwa nyimbo, wengi, wamependeza, na Hoza katikati amevaa kanzu nyeupe kama yai. Walipoingia uani ngoma zikanyamaza. Mshenga wao, Mzee Guga, mtu mwenye heshima zake, akasogea mbele. Wote walikuwa wamekwisha sikia. Kutoka juu mlimani walikuwa wameona lori limesimama ng'ambo.

"Shemeji Shechambo," Mzee Guga akasema, "pole sana. Yaliyokufika tumeyaona. Jambo la Mungu halina lawama. Sisi si watu wa kumtia mwenzetu aibuni. Kama unaona vema, tuzungumze kidogo, tunywe maji, turudi kwetu. Daraja likishatengenezwa, na Idi ikipita, tutakuja tena."

Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulioniua.  Nikamtazama Hoza; ameinamisha kichwa. Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama na shati la shambani, uso umeumwa na nyuki.

"Daraja..." baba akaanza. Akageuka kutazama njia ya mtoni. "Labda daraja... Titu, umesikia chochote kuhusu da..."

"Mwenye shamba haulizi daraja!"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, upawa mkononi, jasho linamtiririka. Wanaume walikuwa wanazungumza, na mwanamke amewaingilia, tena mbele ya wakwe. Hata watoto waliacha kulia. Mama mwenyewe nadhani alishtuka, lakini alikuwa amekwisha anza, akaendelea.

"Mzee Guga, tusamehe. Sisi chakula chetu hakijavuka mto wowote. Kilikuwa hapa jana, kiko hapa leo. Mkikaa, mtakula. Mkirudi, mtakuwa mmekiacha ninyi, si daraja."

 Nilidhani baba atakasirika. Nilimwona anamtazama mama kwa muda, kama anayemwona mtu waliyepotezana naye sokoni. Kisha akajinyoosha. Nilikuwa sijui kuwa baba ni mrefu kiasi kile.

"Mmemsikia mwenye nyumba," akasema. "Hakuna pilau. Mchele wangu wameula samaki. Lakini mimi ni mkulima, nimelima, na mke wangu amepika. Binti huyu sitamweka mpaka Idi kwa ajili ya mbao za daraja. Karibuni mketi!"

 Mzee Guga akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena, akageukia watu wake. "Jamaa, hamsikii harufu hiyo? Mimi sirudi!"

Basi palilipuka! Vigelegele, ngoma, makofi. Manju wao, kijana aitwaye Singano, hakungoja hata apewe maji. Aliyachukua maneno ya mama hapo hapo, akayatia kwenye wimbo: "Mwenye shambaaa!" na watu wakaitikia, "Haulizi daraja!" "Ana ndizi!" "Haulizi daraja!" "Ana asali!" "Haulizi daraja!" Sheikh aliyekuja nao ilibidi awaombe mara mbili wanyamaze ili afunge ndoa.

Ndoa ikafungwa. Hoza akaletwa mlangoni kunishika mkono. Akauchukua, akauinamia, akaninong'oneza, "Mkono wako unanukia samli." Nikamjibu, "Na utomvu. Ukitaka kurudi, njia unaijua." Bi Kibibi akanifinya. Hoza akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Na kule nje wanakula. Sahani hakuna, wamepakuliwa kwenye majani ya mgomba. Zile ndizi za chungu kikubwa zilipofunuliwa, watu wakanyamaza kwa adabu ya njaa. Magimbi yaliyochemshwa, na kisamvu kilichopikwa kwa karanga. Kuku wa kuchoma. Maboga yaliyopondwa na asali na iliki. Maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, baridi ya kwenye mtungi. Kisha kahawa tuliyokaanga wenyewe, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Bibi yake Hoza, mzee asiye na meno, alikula akaongeza, akaongeza tena, akauliza, "Pilau hii mmeipika bila mchele?" Wakamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mchele huwa unawekwa wa nini?"

Baba alikuwa anapita katikati ya wageni na mtungi. Kwanza alipita kwa haya. Mtu akamwuliza, "Asali hii ya wapi?" Akasema taratibu, "Ya kwangu." Mwingine akauliza, "Na kahawa?" "Ya kwangu." Kadiri alivyoulizwa ndivyo sauti ilivyopanda. "Ya kwangu! Hata hiyo pilipili manga! Njoo nikuonyeshe ilipo!" Akawa anawavuta wakwe mikono kuwapeleka shambani, wakapanda na kushuka naye, na kanzu zao nzuri zikapata tope, wala hawakujali.

Jua lilipokuwa linaelekea magharibi, ngoma imekolea na baba yumo ndani yake anacheza na wakwe, akatokea kijana wa dereva anahema. Wanaume wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wametandika magogo mapya kutwa nzima.

"Mzee Shechambo! Mzee Shechambo! Daraja! Daraja limepitika! Lori linakuja!"

Na kweli, tukasikia honi kule bondeni. Watu wakamtazama baba. Mtu aliyeuliza habari za daraja tangu alfajiri, sasa habari yenyewe imemjia kwa miguu. Baba hakuacha kucheza. Alimgeukia yule kijana, amekunja uso kama asiyesikia vizuri.

"Daraja gani?"

Ua mzima uliangua kicheko. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na yule mpishi wa mjini alipofika na mwiko wake, alipewa jani la mgomba, akaketi, akaonja ndizi za mama, akaomba aelekezwe zinavyopikwa. Mchele tuliula siku ya pili na majirani waliotusaidia, tukaufurahia, maana ulikuwa mchele tu, haukubeba tena heshima ya mtu.

Msije mkanielewa vibaya. Daraja ni kitu chema. Wewe Mtangi, ulipougua ulivushwa juu yake kwenda hospitali, na mimi hulipita kwenda kwa dada yangu. Mama hakusema mtu asivuke. Alisema usiweke sufuria motoni ukangoja mto ukupe ruhusa ya kuchemka.

Wimbo wa Singano ulipanda Kwemtindi jioni ile ile, ukaimbwa harusi nyingine, ukashuka mpaka mjini. Ngoma ikasahauliwa, maneno yakabaki. Na baba, tangu siku ile, mgeni akibisha hodi alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Hakumtuma mtu dukani. Alichukua panga, akaingia migombani, na kabla mgeni hajamaliza kusalimia tulisikia puu!

Kwa hiyo asubuhi mlipokuwa mnaangalia barabara, na viazi vyenu wenyewe viko chini ya miguu yenu, mama yenu aliona haja ya kuwakumbusha tu. Gari la mikate lije, lisije, mmekula.

Mwenye shamba haulizi daraja.